Salamu za Adiba kwa Roshani za Karm al-Zaytun

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe juu yenu, mlio majumbani na mlio kwenye foleni za magari.

Jana alasiri tulimzika Adiba Shalhub, mwimbaji wa harusi. Sura yake haikupata kubandikwa kwenye mabango ya barabara kuu, wala televisheni haikumwita. Lakini wengi wenu mlioana kwa sauti yake, na mumewe, Tanus, akiwapigia ngoma ya darbuka.

Adiba aliacha agizo moja. Agizo lenyewe ni fupi: jeneza lake lisipigiwe risasi hata moja.

Mnaijua desturi yetu. Mtu tunayempenda tunamfyatulia risasi hewani, akioa na akifa. Jana, jeneza lilipotoka mlangoni, vijana wa mtaa walikuwa wamesimama na bunduki mabegani. Nao walimpenda. Ndiyo sababu tuliokuwa pale tuliitazama mikono yao zaidi kuliko tulivyolitazama jeneza.

Nitawaeleza yaliyotokea. Kwanza sharti mjue agizo hilo lilitoka wapi.

Adiba alizaliwa Karm al-Zaytun, hapa Beirut, mtaa wa ngazi nyingi na roshani zinazokaribiana hata jirani humwazima jirani chumvi bila kushuka. Alikuwa na mdogo wake wa pekee, Ilham. Siku moja ya kiangazi matokeo ya mtihani wa serikali yalikuwa yakisomwa redioni. Kila jina lililofaulu lilifuatwa na milio ya risasi, mara mtaa huu, mara mtaa wa pili. Adiba alikuwa jikoni akichemsha kahawa. Ilham alikuwa kwenye roshani akianika nguo.

"Ilham, ingia ndani, watakutobolea shuka," Adiba alimwita.

"Wakitoboa la kwako, utalishona mwenyewe," Ilham alijibu akicheka.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Risasi iliyopandishwa na furaha ya watu tusiowajua ilishukia pale, kati ya shuka na ukuta. Aliyefyatua hakujulikana. Hadi leo hajulikani. Labda jioni ile aligawa halua kwa jirani zake, akalala usingizi mwema.

Tangu hapo Adiba alikuwa na sharti. Haimbi penye bunduki. Kabla ya kushika kipaza sauti alimwambia mwenye harusi: silaha zibaki nyumbani. Wengine walikubali. Wengine walimcheka, wakamtafuta mwimbaji mwingine. Kuna mwaka mzima ambao yeye na Tanus waliishi kwa dengu, kwa sababu ya sharti hilo.

Kisha ikaja harusi ya Nasif.

Baba yake Nasif, Abu Nasif, alikuwa mtu mzito mtaani, mwenye sauti kubwa na masharubu yaliyotunzwa kama bustani. Alimtaka Adiba na si mwingine. Aliposikia sharti, aliyashika masharubu yake na kusema, "Bi Adiba, naapa kwa haya. Hata fataki haitalia."

Siku ilifika. Umeme wa serikali ulikuwa umekatika, na jenereta ya mtaa ilitosha kuwasha taa tu. Lifti ikasimama. Kwa hiyo mama yake Abu Nasif, bibi kizee aitwaye Umm Jirjis, yaani mama wa Jirjis, kwa jina ambalo Abu Nasif alizaliwa nalo, alishindwa kushuka. Walimwekea kiti kwenye roshani ya ghorofa ya tano ili aitazame harusi ya mjukuu wake kutoka juu. Roshani nyingine zote zilijaa vilevile, wazee kwa watoto, wakiwa na sinia za mchele na maua ya waridi za kumwagia maharusi.

Nasif alitoka. Vigelegele vikapaa. Adiba akaanza kuimba. Ndipo alipomwona Abu Nasif akichomoa bunduki nyuma ya gari na kuikoki.

Adiba alinyamaza katikati ya ubeti. Tanus alisita kupiga ngoma. Tanus ameniambia hivi: "Nilimnong'oneza, 'Mwanamke, imba tumalize, twende zetu tukiwa hai.' Hakunitazama. Nilijua leo tumepatikana."

Hapa, wasikilizaji wapendwa, kumbukeni salamu. Kwetu mwimbaji wa harusi hutaja salamu kwa kipaza sauti, na hutaja kwa mpango. Nyumba ya bwana harusi hutangulia. Akiiruka, amemvua mwenye harusi nguo mbele ya wageni wake. Ndugu wamenuniana hadi kaburini kwa salamu iliyochelewa.

Adiba aliiruka.

"Salamu kwa nyumba ya Haddad," alisema, "ghorofa ya kwanza, wenye jasmini. Inueni mikono niwaone."

Kwenye roshani ya kwanza mikono ikainuka. Chini, wageni wakatazamana.

"Salamu kwa Bi Wardi, ghorofa ya pili, na mtoto wake mchanga. Kilio cha usiku kimepungua, Bi Wardi?"

"Kimepungua, dada, Mungu akuweke," sauti ilijibu kutoka juu.

Abu Nasif alikuwa amewiva uso. "Bi Adiba," alisema kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ilitisha kuliko ya juu, "mimi ni nani katika harusi hii? Mpiga picha?"

Adiba aliinua macho kwenye ghorofa ya tatu. Akapanda ghorofa hadi ghorofa kwa salamu zake, nyumba kwa nyumba, na kila aliyetajwa akainua mkono juu ya ile bunduki. Kidole cha Abu Nasif kilikuwa bado kwenye kifyatulio. Binamu zake walianza kusogea kuelekea kwa Tanus.

"Na salamu ya mwisho," Adiba alisema, "ndiyo ya nyumba ya bwana harusi. Ghorofa ya tano. Umm Jirjis, ambaye lifti imemnyima harusi. Bibi, nipungie mkono, mwanao akuone ulipokaa."

Abu Nasif alitazama juu. Mtutu wa bunduki yake ulikuwa umeelekea huko huko. Umm Jirjis alipunga leso nyeupe.

Akina mama wa kwetu wanapombembeleza mtoto humwambia "unizike", yaani nitangulie kufa mimi, wewe ubaki. Umm Jirjis aliinama juu ya chuma cha roshani na kusema, na mtaa mzima ulimsikia:

"Jirjis, unizike mwanangu. Lakini si leo."

Kicheko kilianzia ghorofa ya kwanza, kikapanda. Abu Nasif akaishusha bunduki. Kisha akazitoa risasi zote ndani yake, akaifungia ndani ya gari, na ufunguo akamkabidhi Adiba. "Umeniaibisha," alimwambia. "Sasa imba." Aliimba hadi sauti ikakauka.

Turudi jana. Jeneza lilikuwa mlangoni. Mbele ya vijana wenye bunduki alisimama Nasif mwenyewe, bwana harusi wa siku ile, leo mtu mzima mwenye mvi. Alikuwa akilia. Akaikoki bunduki.

"Nasif, aliagiza," Tanus alimwambia.

"Mjomba, huyu si wa kuzikwa kimya kama paka," Nasif alijibu, akaielekeza bunduki juu.

Abu Nasif sasa ni mzee wa mkongojo. Alilisogelea gari la matangazo linalotangulia mazishi, akachukua kipaza sauti. 

"Salamu kwa nyumba ya Haddad," alisema. "Inueni mikono." Ikainuka. "Salamu kwa Bi Wardi." Mkono ukainuka. Akapanda ghorofa hadi ghorofa, kama alivyofundishwa. Alipofika ya tano, ambako mama yake hayupo tena, aliegemea mkongojo. "Na salamu kwa Ilham," alisema, "aliyekuwa akianika nguo."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Nasif, unizike. Lakini si leo."

Nasif aliishusha bunduki. Wenzake wakazishusha zao. Kilichosikika baada ya hapo ni mchele, uliomwagwa kutoka roshani zote, ukidunda juu ya jeneza.

Tunampa pole Tanus, aliyebaki na darbuka bila sauti ya kuifuata. Pole kwa ukoo wa Shalhub, na kwa Karm al-Zaytun yote. Mungu amrehemu Adiba, na amrehemu Ilham.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, harusi hazijaisha, na matokeo ya mitihani yatatoka tena kiangazi hiki. Mwenye bunduki miongoni mwenu, kabla hujaishika, tazama juu. Wataje walioko kwenye roshani, mmoja mmoja, kwa majina yao. Ukimaliza kuwataja wote, tazama kama mkono wako bado unaitaka.