Historia ya Obeid Kalinga, Aliyetaka Kujua Kwa Nini Grisi Iliyeyuka

Jumatatu tarehe 11 Machi 2019, saa nne na robo asubuhi, beringi ya msumeno mkubwa iliungua katika kiwanda cha mbao nje kidogo ya mji wa Mafinga, na ndugu waombolezaji, mtaniwia radhi nikianzia hapo badala ya kuzaliwa kwake, maana kaka yangu mwenyewe alikuwa akihesabu maisha yake kuanzia saa ile.

Marehemu Obeid Amos Kalinga alizaliwa tarehe 3 Agosti 1968 katika kijiji cha Ifwagi, Mufindi, akiwa mtoto wa nne wa mzee Amos Kalinga na mama Veneranda, na mimi Pendo ninayesoma hapa ndiye niliyemfuata. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha chuo cha ufundi Iringa mjini, alikomaliza mwaka 1987, akafanya kazi miaka minane katika karakana moja ya Mbeya. Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa takatifu na wifi yangu Esta, na Mungu akawajalia watoto watatu, Joyness, Ombeni na Brayson. Januari 1996 aliajiriwa hapo kiwandani Mafinga, akapanda hadi kuwa fundi mkuu wa mitambo.

Sasa narudi kwenye ile beringi. Wiki moja kabla, grisi ya kahawia iliyotumika miaka yote ilikuwa imeadimika, ikaletwa nyingine ya bluu, iliyosemwa kuwa bora zaidi, na kaka akaagiza mpiga grisi, kijana Crispin, aipige juu ya ile ya zamani, kazi iendelee. Beringi ilipoungua, uongozi ulidai maelezo, na kaka akaandika na kutia sahihi kwamba Crispin hakupiga grisi, Crispin akafukuzwa siku ile ile. Alipokuwa anatoka getini alisema mbele yetu sote, "Kaka Obeid, nimepiga, Mungu ananiona. Angalia pale chini, imemwagika yote kama uji."

Kaka akaenda kuangalia, akakuta ni kweli, na tangu hapo hakutulia. Wakati huo mimi nilikuwa napikia wafanyakazi, akaja kuniomba vifuniko vitatu vya ndoo, kimoja akaweka grisi ya kahawia, kingine ya bluu, cha tatu akazichanganya kwa kijiti, akavipanga karibu na jiko langu, na kila akipita anachungulia. Wafanyakazi walinitania sana, "Dada Pendo, leo mboga ni ya bluu au ya kahawia?" Siku ya tatu, zile mbili zilizokuwa peke yake zilisimama ngumu vile vile, na ile ya mchanganyiko ikatiririka. Hakuamini, akarudia mara mbili zaidi, ikawa hivyo hivyo.

Ijumaa tarehe 29 Machi alivibeba vifuniko vyote hadi ofisini, akaeleza kwamba maelezo yake yalikuwa ya uongo, kwamba Crispin alifanya kazi yake, na aliyekosea ni yeye. Alivuliwa ukuu wa mafundi, Crispin akarudishwa kazini, lakini hakumsalimia kaka kwa mwaka mzima, na kaka hakumlaumu, alisema ana haki.

Hata hivyo swali lilibaki, kwa nini vitu viwili vizuri viharibiane, akapanda basi hadi Mbeya kumuuliza muuza vilainishi, akaambiwa kwamba grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni, na sabuni zenyewe hazifanani, nyingine zikichanganywa huachia mafuta. Alirudi akiwa na furaha ya ajabu, akituambia, "Hebu fikirini, grisi tunayoitoa mikononi kwa sabuni, na yenyewe ina sabuni ndani!" Kuanzia hapo aliitwa katika viwanda vingi, hadi kwenye vinu vya mpunga vya Madibira, na hakuruhusu grisi mpya iingie mpaka beringi ifunguliwe, ile ya zamani itolewe yote, ioshwe na kukaushwa, kisha kwa siku kadhaa alikuwa akiigusa kwa mgongo wa mkono kusikia kama inapata joto.

Novemba 2024 alianza kuugua figo, akalazwa Iringa mara tatu. Wodini aliwauliza wauguzi namna ile mashine ya kusafisha damu inavyojua la kutoa na la kuacha, nao walimjibu kwa upendo. Crispin alikuja kumwona, kaka akamwomba tena msamaha, akajibiwa, "Kaka, wewe uliza habari za mashine, hayo mengine tulishayafuta." Alifariki Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa tano na dakika arobaini asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wana usharika, wafanyakazi wenzake, na kwa namna ya pekee ndugu yetu Crispin, aliyechimba kaburi hili pamoja na vijana wake.

Ee Baba wa mbinguni, mpokee mtumishi wako Obeid, umsamehe alipokosea, umpe pumziko lako, na kwa kuwa atakuja na maswali mengi, tunakusihi usimchoke, umjibu taratibu, moja baada ya jingine, maana sasa anao muda wa kusikiliza. Amina.