Tabita Haonga Hakusafiri

Marehemu Tabita Haonga hakuwahi kutoka nyumbani bila kusema anakwenda wapi na atarudi saa ngapi. Kila asubuhi, beseni la chapati likiwa tayari kichwani, alisimama mlangoni akawaambia watoto, "Naenda kwenye malori, narudi saa nane." Na saa nane alirudi. Madereva wanaokaa foleni ya kuvuka mpaka hapa Tunduma walimwita Mama Saa Nane. Mmoja alimtania, "Mama, na kuku nao unawaaga?" Akamjibu, "Kuku hawanisubiri."

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1980, Hasamba, wilaya ya Mbozi, mtoto wa pili wa Mzee Haonga na Mama Atuganile. Alipokuwa na miaka minane wazazi wake waliachana, na mama akaondoka na kichanga chake, Anastazia. Tabita hakuambiwa. Alirudi kutoka shule akakuta khanga ya mama haipo kwenye kamba, akauliza. Kaka yake Felix, aliyekuwa na miaka kumi na minne, akamjibu kama wakubwa walivyomwagiza: "Mama kaenda Isansa kuuza maharage, anarudi." Basi kila jioni Tabita akawa anabakiza tonge la ugali, analifunika na sahani. Alifanya hivyo mwaka mzima. Isansa, alikohamia mama, siyo ng'ambo ya bahari, ni wilaya hiyohiyo, lakini hakutokea mtu mzima hata mmoja wa kumshika mkono akampeleka. Alimwona mama yake tena mwaka 1995, kwenye msiba wa babu, wakasalimiana kama wageni.

Mwaka huohuo alimaliza darasa la saba. Walimu walisema ana akili ila hasikilizi. Alikuwa anasikiliza, ila alikuwa anasikilizia nje.

Alihamia Tunduma mwaka 1999, akaanza biashara ya chapati na chai. Tarehe 8 Mei 2004 alifunga ndoa na Bwana Ambakisye Nzunda, fundi matairi. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka 2014 Bwana Ambakisye alikwenda Saza kutafuta dhahabu, akaoa hukohuko. Kwenye ratiba ya mazishi ya leo ameandikwa mume mpendwa. Amekaa kiti cha mbele, kila mtu anamwona.

Mwaka 2021 Anastazia na mumewe Zahoro, muuza vitenge, waliachana. Zahoro akaenda zake, Anastazia akavuka Zambia. Watoto wao Fauzia, miaka kumi na miwili, na Naila, miaka mitatu, waliachwa kwa Tabita na kuambiwa, "Kesho kutwa tunakuja." Majirani wakawa wanaleta biskuti na uongo: mama yuko njiani, baba anawanunulia viatu. Siku ya nne Tabita alifunga mlango, akaketi sakafuni na watoto. "Baba yenu na mama yenu wameachana. Hawatarudiana. Mama yuko Kitwe, mzima. Nyie hamkukosea kitu. Mtakaa na mimi, na Jumamosi tutakula chapati kama kawaida." Watoto walilia mpaka wakalala. Jirani alimfuata uani, akamwambia, "Unawatesa watoto wa watu, Tabita." Naye akasema, "Wamelia leo. Wewe ulitaka walie lini?"

Baadaye watu waliokuwa wanaachana walianza kumwita awaambie watoto wao. Alikwenda, lakini hakusema yeye. "Sema wewe uliyemzaa. Mimi niko hapa, akilia nitamshika." Wengine wenu mmekaa hapa. Mnajua.

Kuna waliotaka hapa paandikwe kwamba aliugua kwa muda mfupi. Haukuwa mfupi. Aliugua saratani ya shingo ya kizazi tangu Oktoba 2024, na kwa miezi minane ukoo ulikuwa unanong'ona barazani kana kwamba ameiba. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, hospitalini Mbeya.

Ameacha mama, mume, kaka yake Felix, mdogo wake Anastazia ambaye hajafika, na watoto wawili, Fauzia na Naila.

Naila alipelekwa kwa jirani ili asione jeneza. Mjomba wake Felix, ambaye sasa ana miaka hamsini na moja, alimwambia, "Mamkubwa kasafiri, kaenda Nakonde kununua mafuta ya kupikia, anarudi." Na juzi jioni, kwa huyo jirani, Naila alibakiza kipande cha chapati, akakifunika na sahani. Mjomba Felix anaijua hiyo sahani. Kwa hiyo leo asubuhi Naila amefuatwa. Amekaa hapa mbele, na wasifu huu unasomwa kwake kwanza.

Jumanne, tarehe 3 Juni, Felix alikuja na gari saa tano. Akasema, "Tabita, twende kabla mtoto hajatoka shule. Asikuone hivi."

"Wanatoka saa sita na nusu. Tutaondoka saa saba."

Tabita akakaa kwenye benchi la nje, amevaa viatu, jasho linamtoka, akangoja. Naila alipofika akamketisha karibu. "Naenda hospitali Mbeya. Naumwa sana. Leo saa ya kurudi siijui. Nikipona narudi. Nikifa sirudi, na itakuwa ni ugonjwa, siyo wewe wala kelele zako. Umesikia?"

Naila akauliza, "Chapati za Jumamosi nani atapika?"

"Fauzia. Ataziunguza. Utakula hivyohivyo."

Felix alitaka kumshika Tabita mkono, Tabita akakataa. Alitembea mwenyewe hadi kwenye gari, na hakurudi.

Apumzike. Aliaga.