Mejumaa Ngala, Sista Aliyetaka Tuelewe

Sijapata kumwambia mtu hili: siku Bi. Mejumaa Ngala alipomrudisha mama yangu nyumbani kwa mara ya pili, nililia kwa hasira. Leo mimi, Emmah, ndiye ninayemwandikia ukurasa wa shukrani katika jarida la kliniki.

Bi. Mejumaa anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi hapa kisiwani, nusu yake katika kliniki hii ya utafiti wa saratani. Wenzake wanasema alipoanza, majibu ya kipimo cha uvimbe yalingojewa kwa miezi. Sasa hutoka baada ya wiki mbili, na yeye ni miongoni mwa waliolipigania jambo hilo. Siku moja malori yalifunga njia Makupa. Akashuka garini na kasha la barafu lenye sampuli, akalibeba kichwani hadi maabara. Watoto wakamfuata: "Mama, aiskrimu pesa ngapi?"

Mama yangu, Mercy, hupika mahamri Mji wa Kale. Alipopatikana na saratani ya titi, aliombwa ajiunge na utafiti wa dawa mpya. Kabla hajatia sahihi, Bi. Mejumaa alimtaka aeleze mwenyewe anachokubali. Mama akajibu, "Mwanipa dawa mpya, nipone." Akaambiwa aende nyumbani akafikiri tena. Mara ya pili jibu likawa lile lile, akarudishwa. Mara ya tatu baba alifoka kabla hajaketi.

"Sista, mgonjwa ataka dawa, wewe wampa mtihani!"

"Mtihani ni wangu, Baba Emmah. Yeye asipoelewa, niliyefeli ni mimi."

Akaeleza upya, taratibu. Mama akasema, "Kumbe ni kama unga mpya wa mahamri! Wengine wapikiwa huu, wengine ule wa zamani, kwa kura. Hakuna ajuaye ulio bora mpaka walaji wote waulizwe. Na mimi naweza kuangukia wa zamani."

Bi. Mejumaa akacheka, akampa kalamu. Tangu siku hiyo huwaeleza wagonjwa wote kwa mahamri.

Mama aliangukia dawa ya zamani. Yu hai, na bado yuapika. Utafiti ulipoonyesha kwamba ile mpya ni bora kwa wengi, alifurahi kana kwamba ameivumbua yeye: "Wenzangu watakula unga mzuri."

Ahsante, Bi. Mejumaa, kwa kutotudanganya tulipotaka kudanganywa. Mungu akujaalie afya, na asubuhi nyingi zisizo na foleni ya Makupa.

Kabla ya kukabidhi ukurasa huu nilimsomea mama, nikamwomba anieleze kwa maneno yake nilichoandika. Nikafuta sentensi mbili ambazo hakuzielewa, nikamsomea tena.