Rimoti na Safu ya Tano

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wafanyakazi wa Mamlaka ya Maji mliofika kwa basi la ofisi, historia hii imeandikwa na binti wa pili wa marehemu na inasomwa na mdogo wake marehemu, kwa sababu mdogo mtu ana sauti na binti ana muda.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Rimoti, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 katika zahanati ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa karani wa stesheni na mkewe. Siku hiyo umeme ulikatika mara mbili, na shangazi yake, aliyeshika kurunzi, alidai hadi uzeeni kwamba ndiyo maana mtoto huyo hakuweza kuona swichi akaipita bila kuigusa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari hadi 1979, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu cheti cha umeme mwaka 1982, na tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa na Mamlaka ya Maji kuwa fundi wa pampu, siku hizo ambazo mtu alimaliza chuo Desemba na Januari akaulizwa ataanza lini, jambo ambalo wasikilizaji vijana wataliona kama hadithi za kale.

Tarehe 22 Agosti 1987 alifunga ndoa na mshonaji ambaye alikuwa amemtengenezea cherehani ya umeme mara nne, na mjane ameruhusu isemwe leo kwamba mara tatu kati ya hizo aliiharibu mwenyewe ili fundi arudi. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni dereva wa lori, wa mwisho anasomea uuguzi, na wa katikati ana degree ya kompyuta, Upper Second, iliyoambatanishwa kwenye barua mia moja na arobaini za kuomba kazi, na ambayo hadi leo imefanya kazi moja tu, itakayoelezwa hapa.

Mwaka 2009 ofisi ilinunua seva ya kutunza kumbukumbu za wateja, na marehemu akapelekwa kozi ya wiki sita kwa kuwa aliyepangiwa kwenda aliumwa jino. Alirudi akiwaeleza wenzake kwamba ndani ya ile seva kubwa kuna kompyuta nyingine ndogo, yenye waya wake na ukurasa wake wa mtandao, na kwamba kubwa hata ikizimwa, ile ndogo hukaa macho maadamu plagi imo ukutani, na huandika kila kitu, nani kaingia, nani kawasha, nani kazima. Kwa kupitia ukurasa ule aliweza kupima joto la chumba cha seva akiwa mezani kwake au hata sokoni kwa simu, na hapo ndipo alipopata jina la Rimoti, ingawa watoto wa mtaani walidhani anatengeneza televisheni na wakawa wanamletea rimoti zilizokufa, naye, kwa kuwa hakujua kukataa, akazitengeneza.

Jumatatu tarehe 5 Oktoba 2015 marehemu alichukua ruhusa ya maandishi kumsindikiza binti yake wa pili kujisajili chuo kikuu. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, akiwa kwenye foleni nyuma ya binti, simu mkononi, seva ilizimwa ghafla katikati ya kuandika, na kumbukumbu za mita za miezi miwili zikapotea. Ofisi iliunda kamati ya watu watano, ikafungua ukurasa ule, ikakuta amri ya kuzima imetolewa na mtumiaji aitwaye admin, na kwa kuwa admin alikuwa Rimoti, na kwa kuwa mtu aliyeajiriwa kuzima mitambo akiwa mbali hawezi kujitetea kwamba alikuwa mbali, kamati ikamaliza kazi yake kabla chai haijapoa. Walichapa ukurasa huo kwenye karatasi iliyosimama, safu nne zikaingia, yaani tarehe, saa, mtumiaji na tendo, na safu ya tano ikakatwa na ukingo wa karatasi, wala hakuna hata mmoja kati ya watano aliyeuliza ilikwenda wapi, na wote watano, system ikiwa ni ileile, wamepandishwa vyeo.

Marehemu hakujitetea. Tarehe 1 Februari 2016 alihamishiwa stoo ya mabomba, alikohesabu viungio hadi alipostaafu tarehe 14 Aprili 2021, akiwa na barua ya onyo kwenye faili lake, na binti yake, aliyekuwa ameona kidole gumba cha baba kikitembea juu ya simu kwenye foleni ile, aliishi miaka minane akiamini kwamba kidole hicho kiliteleza kwa ajili ya usajili wake, na kwamba degree yake ndiyo iliyomla baba yake.

Juni 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ya rufaa, akipelekwa na kurudishwa kila mara na mwenzake wa zamani wa ofisini, aliyekuwa akikaa meza ya dirishani ghorofa ya pili, ambaye familia ilimwona kuwa ni mtu mwenye moyo tu.

Seva yenyewe ilipotolewa ofisini mwaka 2020 marehemu aliiomba, akaiweka sebuleni chini ya televisheni, na Jumamosi tarehe 20 Januari 2024 binti alikuwa anaitoa ikauzwe chuma chakavu, mama yake akamwambia, wewe si umesoma hayo madude, hebu iangalie kama inapumua. Binti akachomeka plagi na waya mmoja, seva haikuwaka, lakini ile ndogo iliamka kama mtu aliyekuwa amejilaza tu, na neno la siri lilikuwa kwenye kibandiko chini ya kifuniko, kwa mwandiko wa baba. Akaisoma rekodi ya tarehe 5 Oktoba hadi safu ya tano, ambako huandikwa anwani ya kompyuta iliyotoa amri, na anwani hiyo haikuwa ya simu, ilikuwa ya mtandao wa ndani, yaani ya meza ya ofisini.

Aliingia chumbani kwa mgonjwa akakaa kitandani, akamtajia anwani ile. Marehemu akamwambia kwamba kwenye foleni alikuwa anacheza drafti, tena anafungwa, na kwamba neno la siri alilitoa yeye, kinyume cha kanuni, ili mwenzake wa meza ya dirishani, aliyekuwa na miezi miwili tu kazini, amwangalizie joto la chumba, na mwenzake huyo alipotaka kutoka kwenye ukurasa akabonyeza ile alama ya duara yenye kijiti, akidhani ni ya kutokea, kumbe ni ya kuzima seva. Kosa lilikuwa la wawili, alisema, na kumwangusha mmoja kulitosha. Binti alimjibu kwamba hata yeye aliangushwa na hakuulizwa, na marehemu akamwomba radhi, kisha akamwagiza akaufunge ukurasa vizuri kwa kubonyeza neno Toka.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 7 Machi 2024, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, na saa kumi mwenzake huyo alifika nyumbani, akamvuta binti pembeni, na kabla hajaulizwa lolote akamtajia meza yake, akaomba habari hiyo iandikwe na isomwe mbele yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani walioleta viti na maji, na dereva wa basi la ofisi. Inamshukuru mwenzake wa meza ya dirishani, aliyekaa safu ya nyuma, kwa safari mia moja na sabini na mbili za hospitali, na kwa hii ya leo. Inawashukuru pia wakuu wa ofisi kwa kufika, na inawaomba kila mmoja apokee nakala ya ukurasa ule akiwa anatoka, iliyochapwa kwa kulaza karatasi, iingizwe kwenye faili la marehemu mahali ilipo barua ya onyo.

Pumzika kwa amani, Rimoti, safu ya tano imesomwa.