Nyumba Moja, Bango Moja

Ndani ya basi la kwenda Dayton, Lorene alijifanya anasinzia, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Mwanamke mmoja alikuwa amepakata bango la mgombea, lile la kuchomeka uani, miguu yake ya waya bado ina udongo. Mzee aliyekaa naye alishindwa kuvumilia.

"Uchaguzi bado, binti. Mbona umeling'oa?"

"Umoja wa wakazi wa mtaani kwetu umepitisha kanuni: nyumba moja, bango moja. Sisi tulikuwa nayo mawili. Hili langu, na la mume wangu, la chama kile kingine."

"Kanuni nzuri hiyo. Mimi niko kwenye kamati ya mtaa wetu, na sisi tunayo. Inazuia majirani kugombana."

"Majirani hawakugombana, mzee. Hata sisi tulikuwa tunataniana tu, miaka yote. Mpaka tulipoambiwa tuchague la kubaki."

Mzee akakohoa. Lorene alishasahau kusinzia.

"Si mngeyaondoa yote mawili?"

"Tulisema mengi siku ile. Hilo hakuna aliyelifikiria."

Basi likasimama. Mwanamke akavuta sanduku lake la nguo, bango kwapani.

"Lakini kanuni yenu haijavunjwa," alisema akishuka. "Sasa tuna nyumba mbili."