Injinia Kasimiri na Mashine Yangu ya Kusaga

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, shikamoo yangu naidai. Ni mie Bi Mwanabaraka wa Tandale, darasa la saba, na kiti hiki cha redio bado hawajapata wa kunitoa.

Leo tunamkumbuka Injinia Kasimiri. Injinia wa mitambo. Ametutoka wiki tatu sasa, nyumbani kwake Kawe, akiwa na miaka sabini na moja.

Mie nina mashine ya kusaga nyuma ya soko. Injinia alipostaafu kiwandani, akawa anakuja kuikagua kila Alhamisi. Anakuja na shati jeupe. Nilimwambia ni ujanja huo, kwenye unga nani atajua limechafuka?

Anatoa bisibisi ndefu. Ncha anaigusisha kwenye beringi ya mota, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. "Dada, ya kushoto ina wiki mbili." Na wiki mbili zikifika, kweli inakufa. Sikio lile, wasikilizaji, lilikuwa ndilo jina lake mjini.

Binti yake Kokushubila ni injinia wa mitambo pia. Akawa anamsihi baba yake ajifunze kuandika programu za kompyuta. Kuna kidude, alisema, kama kifuniko cha soda. Unakigandisha kwenye mashine, kinapima mtikisiko, vipimo vinaingia kwenye kompyuta mchana kutwa. Mzee alikataa miaka minne. Mitambo ni chuma na grisi, alisema, si kubonyezabonyeza. Nikamwambia nyie Wahaya nawajua, mngeambiwa kompyuta imesoma Ulaya mngeshaipeleka kwenu Bukoba ikatambulishwe.

Halafu mwaka juzi akakubali. Mwenyewe, bila kusema kwa nini. Akawa anakaa kibandani kwangu, kompyuta ameifunika nailoni, anaandika kwa kidole kimoja. Nikamuuliza kama ni barua ya posa.

"Dada, hii nikikosea nukta moja inakataa yote."

Nikamjibu wapo wanawake wa hivyo, nao waliolewa.

Ikafika siku ya kuifundisha kompyuta mashine nzima, isiyo mbovu, ikoje. Akachagua yangu. Bisibisi sikioni, macho kafumba, akasema iko salama. Akaipima wiki nzima.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mashine ile ilikuwa inakwaruza. Miaka ishirini naisikia, naijua. Nikanyamaza. Nimsahihishe injinia, mie nani?

Wiki iliyofuata Kokushubila akaja kufunga beringi mpya, za zamani muda wake ulishafika. Kuwasha tu, kompyuta ikaonyesha mashine ni mbovu. Wakazima, wakawasha, jibu lile lile. Binti akavirudia vipimo vya kwanza, akavitazama kimoja kimoja.

"Baba, uliipima ikiwa inaumwa. Hukusikia?"

Injinia akawa anafuta mikono kwenye shati lake jeupe.

"Nina mwaka wa pili beringi sizisikii, mwanangu. Nafumba macho tu."

Nikazima mota.

Kokushubila hakulia. Alichukua bisibisi, akaweka mpini kwenye sikio lake mwenyewe, akaniambia niwashe. "Haya baba, nifundishe. Nzima inasemaje?" Basi mzee anaeleza, binti anasikiliza, wanapima, wanaandika. Walifanya hivyo miezi mitatu.

Watu wananiuliza, injinia wa mitambo kompyuta inamfaa nini? Ilimfaa yule. Ilimrudishia kazi yake. Lakini nayo bila yeye isingejua kitu, ilishaambiwa ugonjwa ndiyo afya ikaamini. Novemba iliyopita ujumbe ukamfikia kwenye simu: beringi ya kushoto, wiki mbili. Alikuja mbio kunionyesha, simu kaishika kama picha ya mjukuu.

Mkewe, Mama Clara, pole sana. Kokushubila, pole mwanangu. Na nyie mainjinia mnaonisikiliza, jifunzeni hayo mambo mapema, sikio likiwa bado lina cha kuiambia mashine. Nyie wengine, kama mie, mkisikia kinachokwaruza semeni. Nilinyamaza kwa heshima, kumbe namwacha peke yake.

Jumatatu Mama Clara alinipigia. Simu ya marehemu hajaizima, na imeingia ujumbe. Akanisomea: "Mashine ya Dada Mwanabaraka, beringi ya kulia, nakuja kuitazama." Maneno hayo aliyaandika mwenyewe kwenye programu, kwa kile kidole kimoja, yajitume kila beringi inapoumwa.

Jana Kokushubila kaja na beringi mpya. Nimemwambia nina wateja wengi, arudi wiki ijayo. Mteja alikuwa mmoja, na alikuja kuomba maji. Nataka ujumbe ule uingie tena.