Kwa Tayeri Kumehamia Miti

Mtaani Cimpunda, kwenye kona ambapo njia ya magari inakata tamaa na kuwa ngazi za udongo, pana benchi la mbao na birika la kahawa la maman Yolande. Pahali hapo panaitwa Kwa Tayeri, ingawa tayeri mwenyewe, papa Ignace, alishafunga cherehani yake akahamia mji mdogo wa Miti zamani. Hakuna aliyeona tabu kwa hilo mpaka wiki jana, Yolande alipotoka sokoni akakuta wezi ndani ya nyumba yake. Alijificha kwa jirani, akapigia polisi simu: mukuje mbio, Kwa Tayeri. Polisi wakaja mbio kweli, ila wakaenda Miti. Mkubwa wao mmoja mwenye bidii alikuwa amesikia kwamba tayeri amehama, basi akahamisha alama ya Kwa Tayeri kwenye ramani ya polisi imfuate. Ignace alikutwa anapima suruali ya mteja, akaamriwa ainue mikono. Huku Cimpunda wezi waliondoka taratibu na matela, godoro la Yolande, kichwani, wakiambizana kwamba kabati watalirudia.

Tangu hapo Yolande halali vizuri. Dada yake wa kisiwa cha Idjwi amemwambia apande boti aende kukaa naye, na yeye amejipa mpaka Jumapili. Polisi wakijua anakoishi, atabaki, wasipojua, ataondoka. Hilo hajalisema benchini, maana pale siri haikai.

Asubuhi hii wateja wake watatu walikuwa wanamchosha kuliko siku zote. Lucien, anayeitwa Profesa kwa sababu aliwahi kufundisha mwaka mmoja, alishikilia kwamba kosa ni la wauza viwanja, wanaofuta majina ya avenyu, njia za mtaa, ili wauze kiwanja kimoja mara mbili. Destin, fundi wa simu anayeitwa Satelite, alikataa katakata. Kwake kosa ni la kilima. Kila mvua Cimpunda inateremka kidogo, na satelite kule juu inabaki kuonyesha fasi yake, pahali ilipokuwa mwaka jana.

— Kwa hiyo polisi beko na haki, alisema. Ni siye njo tulihama.

Bienfait, anayeitwa Komanda ingawa hajawahi kuvaa hata kofia ya jeshi, aliwapita wote. Kwa maelezo yake, wezi ndio waliomhamisha tayeri. Walimtafutia nyumba Miti, kisha wakangoja ramani irekebishwe.

— Miaka yote ile, juu ya kupata matela yangu tu? Yolande aliuliza.

— Mwizi, voleur wa siku hizi, iko na pasiensi, maman.

Yolande akammiminia nusu kikombe.

Ndipo akapanda ngazi askari mgeni, msichana aitwaye Colombe, viatu vimejaa tope na simu mkononi. Alisalimia, akaketi mwisho wa benchi, akaeleza kwamba ametumwa kusahihisha ramani.

— Fasi hii banaitaka jina gani?

— Kwa Tayeri, walijibu wote watatu.

— Na tayeri iko wapi?

— Miti.

Colombe alifumba macho kidogo. Profesa akapendekeza jina lake mwenyewe. Satelite akataja msururu wa namba za ramani ambao hakuna mtu angeukumbuka akipigia polisi huku analia. Komanda akasema waandike Kwa Avoka, halafu akakumbuka kwamba mti wenyewe wa parachichi ulishakatwa ukawa makaa. Mwishowe, kwa mara ya kwanza tangu benchi liwekwe, walikubaliana.

— Andika Kwa Yolande, alisema Profesa. Maman huyu, hata mutoto anamujua.

Colombe akaandika. Yolande alihisi moyo umekuwa mwepesi, nusura acheke: jina lake kwenye ramani ya polisi. Kisha yule askari akasimamisha kidole.

— Lakini weye maman, hautahama?

Wanaume walicheka, wakaona ni swali la kitoto. Yolande hakucheka. Akisema hapana, amejifunga kwenye nyumba yenye mlango uliovunjwa. Akisema ndiyo, alama itamfuata Idjwi, na siku wezi watakapomvamia mwingine hapa, polisi watakwenda kutafuta boti. Hasira ikampanda, akawageukia watatu wale.

— Na nyiye? Ni nani kati yenu hatahama hapa?

Profesa alitazama kilima. Satelite akafungua simu ambayo haikuwa imeita. Komanda, mpangaji wa mwezi kwa mwezi, akainamia kikombe chake kitupu na kukinyoosha aongezewe. Colombe alikuwa bado anangoja, kidole juu ya kioo cha simu.

Yolande akainamisha birika. Yakatoka mashapo tu.

— Kahawa imeisha, alisema.